Herufi Hamsini na Tatu za Mheshimiwa

Iko nchi moja nzuri sana. Uzuri wake si maneno ya vijiweni; umethibitishwa na ofisi inayohusika na kugongewa mihuri mitatu. Jina la nchi hiyo halitatajwa hapa, maana kulitaja katika maandishi kunahitaji kibali. Ombi la kibali lilipelekwa, likapokelewa kwa tabasamu, likatiwa kwenye jalada, jalada likatiwa kwenye kabati, na mwenye ufunguo wa kabati yuko kwenye semina. Basi tuiite nchi hiyo "huko", na aliyewahi kufika atajijua mwenyewe.

Huko sheria ni nyingi kuliko mbu, lakini inayoheshimiwa kuliko zote ni Sheria ya Kulinda Majina Yaliyozinduliwa. Inasema kwamba jina la kiongozi likishawekwa hadharani kwa sherehe, halifunguliwi, halihamishwi, halifunikwi wala halipunguzwi hata herufi moja, ila na mgeni rasmi mwenye cheo kikubwa zaidi. Ndiyo maana katika mji wa wilaya upo mwarobaini uliopandwa na waziri mmoja wa misitu. Mti wenyewe ulikauka mwezi wa pili baada ya kupandwa. Kibao chenye jina la waziri kikabaki. Kwa hiyo kila asubuhi, kwa miaka kumi na mmoja sasa, mtumishi wa halmashauri humwagilia maji kile kijiti, hukitazama kwa heshima, kisha husaini kitabu kwamba mti unaendelea vizuri.

Sasa, pembeni kabisa mwa nchi hiyo, mahali ambapo hata ramani huishiwa wino, kipo kijiji cha Nyachi, na katika kijiji hicho aliishi fundi cherehani aitwaye Sikitu Mbonde. Sikitu alikuwa mama wa binti mmoja, mwenye cherehani moja, na tangu mwaka jana alikuwa pia katibu mwenezi wa Chama cha Wavukaji wa Mto Nyachi. Cheo hicho alikipata kwa kura nyingi, kwa sababu siku ya uchaguzi ndiye peke yake aliyekuwa na kalamu.

Chama kilikuwa na wanachama kumi na watatu na tatizo moja. Tatizo lilikuwa daraja. Zilikuwa reli mbili chakavu zilizolazwa kutoka ukingo hadi ukingo, juu yake mbao hamsini na tatu, na kamba ya kushikilia kila upande. Lakini mbao ishirini na moja zilikuwa zimekwisha kwenda na maji. Wakati wa kiangazi haikuwa taabu kubwa, watoto walivuka chini, maji magotini, viatu vimening'inia shingoni. Mvua zikianza, Mto Nyachi hujaa hasira, na shule, ambayo iko ng'ambo, huwa kama iko nchi nyingine. Mwaka uliopita watoto kumi na mmoja wa darasa la saba walikaa ukingoni wakitazama mtihani wa taifa ukifanyika bila wao. Waliweza hata kusikia kengele.

Mwaka huu Mwajabu, binti wa Sikitu, alikuwa darasa la saba. Mvua zilitarajiwa wiki ya nne kuanzia hapo. Mtihani ulikuwa wiki ya tano.

"Mama," Mwajabu aliuliza jioni moja akifumua pindo la sketi ya mteja, "nikikosa mtihani, mwakani nitakaa tena na Shaibu?"

"Shaibu ana nini?"

"Anakula chaki, mama. Halafu ananigawia."

Sikitu alisimamisha cherehani. Aliamua siku hiyohiyo kwamba taifa lazima lielezwe.

* * *

Bahati ikawa upande wake, kwani wiki hiyo Idara ya Habari Njema iliandaa semina ya siku moja kwa vyama vidogo: namna ya kuandaa taarifa kwa vyombo vya habari. Mwezeshaji alikuwa Bwana Hamduni Kizigo, Afisa Habari wa Wilaya, mtu mpole mwenye suti ya kijivu na kalamu nne mfukoni, tatu kati yake zikiwa hazina wino ila zina cheo.

"Wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa," alianza, akiwa anawahutubia watu tisa na jogoo mmoja aliyeingia mwenyewe. "Katika nchi zilizochanganyikiwa, taarifa hujibu maswali matano: nani, nini, lini, wapi na kwa nini. Sisi tumeyaboresha. Andikeni. Nani ashukuriwe? Ashukuriwe na nani? Ashukuriwe lini? Ashukuriwe wapi? Na ashukuriwe kwa maneno mangapi?"

Sikitu alinyoosha mkono. "Na kama kuna tatizo, bwana Afisa?"

"Lipi?"

"Lolote."

Bwana Hamduni alimtazama kwa huruma, kama kiranja anavyomtazama kidato cha kwanza aliyeuliza nyama iko wapi kwenye mchuzi. "Mama, tatizo ni jambo ambalo bado halijashukuriwa."

Akaendelea kufundisha. Taarifa iwe na picha, na picha isiyo na kiongozi ni picha ya mandhari. Iwe na maneno ya mwenyekiti, nayo yawe ya furaha. Iwekwe kwenye bahasha ya wanahabari pamoja na ratiba, wasifu wa mgeni rasmi na soda moja, kwa sababu mwanahabari asiye na soda huona mambo mengi.

Sikitu alirudi nyumbani, akakaa mbele ya cherehani, akaandika taarifa yake. Ilikuwa na sentensi nne:

*Daraja la Mto Nyachi limeharibika. Mbao ishirini na moja hazipo. Mvua zinakuja. Tunaomba mbao.*

Aliisoma mara mbili. Kama shati lililokatwa vizuri, haikuhitaji kuongezewa chochote. Akaipeleka wilayani.

* * *

Taarifa ilipokewa kwa furaha na kuanza safari yake halali ya meza kwa meza.

Meza ya kwanza iligundua kwamba daraja lilijengwa na Serikali, na kitu kilichojengwa na Serikali hakiharibiki bila barua. Neno "limeharibika" likafutwa, likaandikwa "limetumika sana". Meza ya pili ilisikitishwa na mbao ishirini na moja kutokuwepo, ikauliza kwa nini chama kinahesabu visivyokuwepo badala ya vilivyopo. Ikaandika: "Mbao thelathini na mbili zipo." Hilo lilikuwa kweli tupu, na meza ikajipongeza. Meza ya tatu iliona "Mvua zinakuja" ni lugha ya vitisho, ikaweka "Mvua zinakaribishwa". Meza ya nne ilikuwa ya mzee mmoja anayekaribia kustaafu ambaye hakutaka makuu. Alibadilisha neno moja tu. Palipoandikwa "Tunaomba mbao", aliandika "Tunashukuru kwa mbao".

Ilibaki picha. Kwa kuwa kiongozi hakupatikana kwa haraka, Bwana Hamduni alikuja Nyachi mwenyewe akiwa na picha kubwa ya Waziri wa Madaraja na Mivuko, imetiwa kwenye fremu ya dhahabu. Mwenyekiti wa chama, Mzee Malogo, na mwanachama mwingine waliishika picha hiyo mbele ya daraja, ikaziba kabisa ile sehemu isiyo na mbao.

"Mwenyekiti, sema chochote cha furaha," Bwana Hamduni alisema akishika daftari.

Mzee Malogo alikuwa mfuga nyuki mwenye umri wa miaka sabini, na maishani mwake gazeti halikuwahi kumuuliza kitu. Alifungua mdomo, macho yakamlowa, sauti ikagoma.

"Inatosha," alisema Bwana Hamduni, akiandika. "Vizuri sana."

Baada ya siku tatu gazeti la *Sauti Tamu*, ambalo huko ndilo gazeti lenyewe, lilitoka na kichwa cha habari kikubwa: NYACHI WASHUKURU KWA DARAJA JIPYA. Chini yake: "Mwenyekiti wa wavukaji, kwa machozi ya furaha, alisema hana la kusema."

Mzee Malogo alilisoma gazeti mara sita. Kisha akavaa kanzu yake ya Ijumaa, ingawa ilikuwa Jumatatu, akaenda kulitazama daraja jipya. Alirudi dukani kwa Sikitu amelowa hadi magotini.

"Limeandikwa wazi kabisa, Sikitu," alisema akikamua kanzu. "Labda nimepita pembeni."

"Baba, wewe ndiye uliyekuwa umeshika picha."

"Nilikuwa nyuma ya picha, mwanangu. Mambo mengi hufanyika mbele."

* * *

Jumanne ilifika barua. Mheshimiwa Waziri alikuwa amesoma gazeti akiwa anakunywa chai, na chai ikamgomea kooni. Barua ilisema: "Mheshimiwa amesikitishwa kuona daraja limekamilika bila yeye kulikamilisha. Atafika Jumamosi kulizindua, kulivuka na kulipongeza. Andaeni bahasha ya wanahabari."

Sikitu alikwenda wilayani kwa miguu, kilomita kumi na mbili, akiwa na nia ya kusema kweli kabla haijachelewa.

"Bwana Afisa, daraja halipo."

"Lipo. Nimelisoma."

"Kwenye gazeti lipo. Kwenye mto halipo."

"Basi, mama, tatizo liko kwenye mto." Bwana Hamduni alishusha sauti na kuinamia mezani. "Nisikilize, dada yangu. Nikirekebisha habari hii, itabidi nieleze nani aliikosea. Imepita meza nne. Ya nne ni ya mzee anayestaafu mwezi ujao, ana wajukuu saba. Ya kwanza ni yangu. Nenda nyumbani. Watu wa Itifaki watakuja, wao wana namna yao."

"Namna gani?"

"Mimi ni Habari. Wao ni Itifaki. Tuko kwenye korido moja, lakini tunawasiliana kwa barua, na barua inachukua siku kumi na nne."

Sikitu akarudi kilomita kumi na mbili.

Alhamisi lori likateremka kilimani likipiga honi. Lilibeba mbao. Na mbao zenyewe zilikuwa mbao! Nene, nyoofu, zimepigwa vanishi, kila moja imetobolewa matundu manne ya boliti, zimepangwa kama wanafunzi wa bweni siku mkaguzi anapokuja. Fundi aliyeshuka aliitwa Chubwa, mtu mnene mwenye spana mbili kiunoni. Hadi saa nane mchana mbao zote za zamani zilikuwa zimeng'olewa na kutupwa mtoni, na mbao hamsini na tatu mpya zimelala juu ya reli, kila moja ikijitokeza nje ya kamba kiasi cha shubiri moja huku na shubiri moja kule.

Kijiji kilishangilia. Mwajabu alikwenda na kurudi mara tisa, mara ya mwisho kinyumenyume. Sikitu alimletea Chubwa maji ya kunywa na sahani ya mihogo.

"Fundi, Mungu akubariki. Umetuokoa."

"Usiniombee sana, mama," alisema Chubwa akitafuna. "Hizi mbao ni za sherehe."

"Za sherehe maana yake nini?"

"Maana yake Mheshimiwa anazindua, anavuka, anapanda gari. Ikifika saa kumi na moja mimi nafungua boliti, napakia. Jumanne zinatakiwa mkoa wa pili. Mbao hizi, mama, zimeshazindua madaraja kumi na tisa. Hakuna mbao zenye uzoefu kama hizi nchi nzima." Aliupiga ubao mmoja kofi la upendo. "Kwa nini unafikiri natumia boliti, sitii misumari?"

"Na sisi tubaki na nini?"

Chubwa alitafakari kwa uaminifu. "Na utepe."

"Zile za zamani umezitupa mtoni!"

"Zilikuwa zinaharibu mandhari," alisema Chubwa kwa masikitiko.

* * *

Sikitu alikaa mbele ya cherehani bila kukanyaga. Kwa hesabu yake, kabla ya waziri walikuwa na mbao thelathini na mbili. Baada ya waziri wangebaki na reli mbili na picha gazetini. Mwajabu alikuwa anasoma jiografia kwa sauti, madaraja ya dunia.

Futi ya kupimia ilikuwa shingoni mwa Sikitu kama kawaida. Alikuwa akiizungushazungusha kidoleni pale macho yake yalipotua kwenye bahasha ya wanahabari, juu ya karatasi yenye wasifu wa mgeni rasmi. Jina lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa: MHESHIMIWA DAKTARI MHANDISI BEREGE NYAMBUKA.

Alilitazama kwa muda mrefu, kama anavyomtazama mteja anayeingia mlangoni, kabla hajamwambia nyoosha mikono.

"Mwajabu, acha madaraja ya dunia. Hesabu hizi herufi."

"Zote?"

"Zote."

Mwajabu akahesabu kwa penseli. "Thelathini na tisa, mama."

"Na mbao?"

"Hamsini na tatu."

Zilipungua kumi na nne. Lakini Sikitu aliwahi kushona gauni la mama wa bwana harusi kwa kitambaa kilichopungua yadi nzima, na hakuna mgeni aliyegundua palipoungwa. Alichukua kalamu, akatafuna ncha yake, akaandika, akafuta, akaandika tena. Mwajabu akahesabu. Mara ya kwanza zikazidi tatu. Mara ya pili zikapungua mbili. Mara ya tatu Mwajabu aliinua uso na kutabasamu.

Ijumaa saa mbili asubuhi Sikitu alikuwa mlangoni kwa Bwana Hamduni.

"Nimeleta marekebisho ya bahasha ya wanahabari."

Afisa alipauka. "Kupunguza?"

"Kuongeza."

Rangi ikamrudi. "Keti, dada yangu."

Sikitu alieleza kwa sauti ya upole aliyoitumia kwa wateja wanene. Wapiga picha watasimama juu, kwenye kilima cha ukingoni. Wakipiga picha kutoka pale wataona daraja, lakini msomaji atajuaje ni la nani? Kibao kidogo cha ukumbusho hakionekani. Basi jina la Mheshimiwa liandikwe kwenye daraja lenyewe, herufi moja kila ubao, kwenye ile ncha iliyo nje ya kamba ambayo hakuna mguu unaoikanyaga. Litasomeka kutoka kilimani, na hata kutoka angani.

"Angani!" Bwana Hamduni alirudia, na macho yake yakapanda juu kidogo. Kisha yakashuka kwenye karatasi. "Lakini hapa mwishoni kuna maneno mapya. *Baba wa Madaraja*. Nani amesema Mheshimiwa ni Baba wa Madaraja?"

"Kwani siye?"

Feni ya dari ilizunguka mara kadhaa. Bwana Hamduni alitazama mlango, akatazama dirisha.

"Mimi sijasema siye," alisema haraka.

"Najua. Ndiyo nauliza, kama maneno haya yatafutwa, nani ataweka sahihi kwamba siye?"

Bwana Hamduni alichomoa kalamu ya kwanza, haikuandika. Ya pili haikuandika. Ya tatu pia. Ya nne iliandika, na sahihi yake siku hiyo ilikuwa kubwa na yenye mikia. Meza ya pili ilipoona ya kwanza imesaini, ilisaini. Meza ya tatu iliuliza kama herufi zinaweza kuwa za dhahabu. Mzee wa meza ya nne alisaini bila kusoma, akauliza tu kama soda imebaki.

Mchana wote wa Ijumaa wanachama wa Wavukaji walikuwa darajani. Sikitu alikata herufi kwenye karatasi za kuchorea nguo, Mwajabu na wenzake wakapaka rangi nyeupe iliyobaki baada ya kuchora mistari ya uwanja wa mpira, na Mzee Malogo akasimamia, yaani akakaa. Fundi Chubwa alipita, akasoma kuanzia mwanzo hadi mwisho, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Safi sana," alisema. "Hata mkoa wa pili watafurahi."

Sikitu alimwongezea mihogo.

* * *

Jumamosi Mheshimiwa alifika na magari tisa, nane kati yake yakiwa na kazi ya kufuata la kwanza. Alikuwa mtu mfupi, mchangamfu, mwenye kucheka kwa mabega. Aliposhuka alipelekwa kwanza kilimani penye wapiga picha. Akatazama chini. Midomo yake ikaanza kucheza. Alikuwa anajisoma, herufi kwa herufi, na alipofika mwisho akarudia ule mwisho.

"Baba wa Madaraja," alisema polepole. "Nani ameandaa hii?"

Bwana Hamduni alirudi nyuma hatua mbili, kisha, alipoona mabega ya Mheshimiwa yameanza kucheka, akasogea mbele hatua tatu. "Ni kazi ya pamoja, Mheshimiwa. Idara na katibu mwenezi wa chama."

Waziri alimgeukia Sikitu. "Mama, mbona hakuna nafasi kati ya maneno?"

"Mheshimiwa, nafasi hazikupatikana. Sifa zimejaa."

Mheshimiwa alitoa leso.

Hotuba ilichukua saa moja na robo. "Ndugu wananchi," alisema, "daraja si mbao. Daraja ni kuvuka. Na kuvuka ni nini? Ni kutoka hapa kwenda pale. Na ukishafika pale, pale panakuwa hapa. Nani alijua?" Wananchi walipiga makofi, maana kweli hawakujua. Kisha akakata utepe kwa mkasi wa Sikitu, akavuka, akarudi, akavuka tena kwa ajili ya gazeti, akaondoka na magari yake tisa.

Saa kumi na moja kamili Fundi Chubwa alirudisha lori kinyumenyume hadi ukingoni. Akachomoa spana. Sikitu alikuwa amekaa kwenye ubao wa kwanza, futi shingoni, nakala ya Sheria ya Kulinda Majina Yaliyozinduliwa mapajani. Kando yake alikuwa Bwana Hamduni, akimalizia soda.

"Nipishe, mama. Kazi ni kazi."

"Fungua, fundi, sijakukataza. Nilitaka kujua tu, utaanza na ubao upi?"

"Huu hapa wa kwanza."

"Kuanzia hapo mpaka wa kumi ni 'Mheshimiwa'. Unataka kumvua waziri uheshimiwa wake mchana kweupe?"

Chubwa alitazama spana. "Basi nianzie kule mwisho."

"Kule unamnyang'anya madaraja. Amelia nayo leo, umemwona."

"Katikati?"

"Katikati ni jina alilopewa na mama yake."

Fundi Chubwa alimgeukia Bwana Hamduni. "Afisa, saidia. Mbao hizi ni za Itifaki."

"Mbao ni za Itifaki," Bwana Hamduni alikubali, akionekana kama mtu ambaye ndiyo kwanza anaamka. "Lakini jina limezinduliwa. Halifunguliwi, halihamishwi, halipunguzwi, ila na mgeni rasmi wa cheo kikubwa zaidi. Inabidi Rais mwenyewe aje na spana." Alimtazama Sikitu, akamtazama tena, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe alicheka bila kuangalia mlango. "Fundi, kama una haraka, waandikie barua Itifaki. Siku kumi na nne."

Chubwa akatoa spana ya pili, akainama kwenye boliti. Lakini fundi alikuwa anakaza.

"Hii ya 'Berege' ilikuwa inalegalega," alisema. "Lisije likaanguka jina nikaulizwa mimi."

* * *

Jumanne daraja la mkoa wa pili lilizinduliwa bila mbao. Mheshimiwa alikata utepe, akapunga mkono ng'ambo, na *Sauti Tamu* likaripoti kwamba ni daraja la kisasa, jepesi kiasi kwamba halionekani kwa macho ya kawaida.

Mvua zilianza wiki ya nne, kama zilivyokaribishwa. Mto ukajaa, ukanguruma, ukapita chini ya herufi hamsini na tatu bila kubeba hata moja. Wiki ya tano darasa la saba wote walivuka wakiwa wamevaa viatu. Sikitu alisimama ukingoni akimtazama Mwajabu akikanyaga ubao kwa ubao, penseli mbili zimechomekwa kwenye nywele, mpaka kengele ilipogongwa ng'ambo. Mtihani ulikuwa na swali la jiografia kuhusu madaraja. Siku hizi mtumishi wa halmashauri huja kila Ijumaa kupaka rangi herufi zilizofifia na kukaza boliti, kisha husaini kitabu kwamba Mheshimiwa anaendelea vizuri.

Miezi sita baadaye, Mwajabu akiwa ameshachaguliwa kwenda sekondari ya bweni na sanduku lake likisubiri kufuli, ilifika barua kutoka mkoa wa pili. Mwandiko ulikuwa wa mtu aliyechaguliwa katibu kwa sababu alikuwa na kalamu.

"Dada Katibu," ilisema, "tumesikia habari zenu. Idara ya Itifaki imechonga mbao mpya za sherehe, na mwezi ujao zinaletwa kwetu kulizindua upya lile daraja letu lisiloonekana. Zitakuwa sabini na moja. Tunaomba kuuliza, je, Mheshimiwa ameshapata sifa nyingine?"

Sikitu aliisoma kwa sauti. Mwajabu aliacha kupanga sanduku.

"Tunapungukiwa kumi na nane, mama."

"Najua. Kaa hapa, hesabu."

Walijaribu tatu, wakafuta tatu. Ya nne ilikuwa *na Mtetezi wa Mabonde*. Mwajabu aligusa kila herufi kwa ncha ya penseli, akafika kumi na nane, na penseli haikuwa na pa kwenda tena.

Sikitu akafungua kalamu, akavuta karatasi, akaanza kama inavyoanza huko kila taarifa ya kweli: kwa kushukuru.